Ndugu wa Kuzikana: Kisa cha Maskani Moja katika Kura ya Maoni ya Zanzibar, 2010

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha shehia moja, yaani mtaa wenye sheha wake, ya Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja, katika wiki sita za mwisho kabla ya kura ya maoni ya 31 Julai 2010, iliyowauliza Wazanzibari kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ya vyama mahasimu kugawana madaraka. Nilikuwa miongoni mwa waliopita kutoa elimu ya mpiga kura, na mabenchi ya maskani ninayoisimulia, kijiwe cha wana CCM wa mtaa ule, niliyakalia zaidi ya mara kumi. Majina ya shehia, maskani na watu wake nimeyaondoa, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha mtu nimeyabadili. Waliobaki na majina ni viongozi ambao habari zao ziko wazi kwa umma.

Kwa miaka sasa ninakitumia kuwafundishia makada wa vyama na walimu wa uraia. Hesabu za kura zinatwambia nani alishinda. Hazitwambii jinsi neno "sisi" lilivyobadilishwa maana ndani ya wiki chache, nani aliingizwa ndani yake, na nani alitolewa kwa mlango wa uani bila mtu kugeuza shingo.

Usuli

Zanzibar, ukimuuliza mtu chama chake, umemuuliza na ukoo wake. Chama cha Afro-Shirazi, kilichoundwa 1957, jina lake tu ni mkataba wa makundi mawili: Waafrika wenye asili ya bara, wengi wao wa Ng'ambo na mashambani, na Washirazi waliojihesabu wenyeji wa visiwa tangu na tangu. Upande wa pili Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, walisema wao ni chama cha raia wote wa visiwani, wa kila rangi, na wakamwita mwenzao chama cha watu wa kuja. Afro-Shirazi nao wakawaita Hizbu chama cha Waarabu. Juni 1961 uchaguzi ulimwaga damu, wakafa watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Miezi sita baadaye, 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi.

Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo alirithi simulizi moja kati ya mbili. Ya kwanza: sisi ni wana wa Mapinduzi, tulikuwa watumwa na wakwezi wa watu, leo ni watu. Ya pili: sisi ni Wazanzibari, tuliokuwa na dola yetu na bahari yetu, tukanyang'anywa. Vyama vingi viliporudi 1992, simulizi hizo zilivaa nguo mpya, CCM huku na CUF kule. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Baada ya hapo watu wakawa wanasusiana: duka la huyu haliingiwi na yule, harusi haihudhuriwi, msikitini mtu hakubali kusali nyuma ya imamu wa upande wa pili. Na baya kuliko yote, kwa sisi tunaojua maana yake, watu waliacha kuzikana.

Muafaka wa 1999, yaani mapatano ya CCM na CUF, ulivunjika. Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi. Human Rights Watch ilihesabu waliokufa wasiopungua 35, na watu wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Muafaka wa pili ukatiwa saini Oktoba mwaka huo, nao haukuponya. Mazungumzo yaliyofuata yalikwama Butiama, Machi 2008, pale Halmashauri Kuu ya CCM iliposema suala la kugawana madaraka liamuliwe na wananchi kwa kura ya maoni. CUF waliiona kura hiyo kama kisingizio cha kuvuta muda. Mlango uliowekwa kama kizuizi ndio uliokuja kupitiwa.

Jambo jingine la 2008 lina uzito katika kisa hiki. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Nakumbuka juma lile mjini. Kwa mara ya kwanza nilisikia mzee wa CCM na kijana wa CUF wakikasirikia kitu kimoja kwa maneno yale yale.

Kisha, 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu Zanzibar, wenyewe kwa wenyewe, bila msuluhishi wa nje. Siku chache baadaye Maalim Seif aliwaambia wafuasi wake kwamba CUF inamtambua Karume, na baadhi yao wakamzomea. Mapema 2010 Baraza la Wawakilishi likakubali wananchi waulizwe kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa.

Mambo yalivyokwenda

Katibu wa tawi la CCM katika shehia hiyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo. Viongozi wa juu walikuwa wameshasema Ndiyo. Huku chini kulikuwa na kigugumizi, na kazi ya kukiondoa ilimwangukia yeye. Alipewa karatasi mbili za hoja: amani, utalii, wawekezaji, maendeleo.

Siku ya kwanza aliisoma karatasi mbele ya wazee na vijana kama ishirini na tano wa maskani. Alisoma mpaka nukta ya mwisho, hakuna aliyekohoa. Kiongozi wa maskani, mzee aliyekuwa kijana wa miaka ishirini hivi wakati wa Mapinduzi, alimsubiri akunje karatasi.

"Mwanangu, hii nani kakuandikia?"

"Imetoka juu, mzee wangu."

"Basi warudishie. Mwambie aliyeandika, sisi hatukupigania utalii."

Asubuhi yake ubao wa maskani, ule mweusi wa kuandikia kwa chaki ambao kila mpita njia huusoma, ulikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: MAPINDUZI HAYANA UBIA.

Katibu alikaa siku nne bila kurudi. Aliporudi hakuwa na karatasi. Alifika baada ya alasiri, wakati wa kahawa, akaketi ukingoni mwa benchi kama mtoto wa nyumba, akauliza habari za watu. Kisha akamuuliza mzee kuhusu seremala mmoja wa mtaa ule, mtu wa upande wa pili, aliyefariki 1996.

Nilikuwapo, na ninayaandika haya kama nilivyoyaona. Mzee alikuwa ndiyo kwanza amepokea kikombe. Akakishika kwa vidole vitatu, hakukipeleka mdomoni. Alisema kitanda cha harusi yake kilichongwa na seremala yule, ambaye hakutaka hata senti. Alipokufa, maskani ilikuwa imeshakubaliana kwamba maziko ya watu wale hayendwi. "Nilikaa hapa hapa nilipokaa sasa. Jeneza likapita njia ile. Mwanawe wa kwanza aliniangalia." Kahawa ikapoa mkononi. Mwenye buli alitaka kummiminia nyingine, mzee akatikisa kichwa.

Katibu hakusema neno la kura. Alisema tu, "Mungu amrehemu," akaaga.

Siku ya tatu baada ya hapo, chini ya maneno yale ya ubaoni, yalikuwa yameongezwa mengine kwa mwandiko tofauti, wa mkono unaotetemeka: LAKINI TUNAZIKANA. Kuanzia hapo mazungumzo ya maskani yalifunguka. Watu walianza kuhesabu maziko waliyoyakosa. Wengine walitaja ya ndugu zao wa damu kule Pemba.

Katikati ya Julai ukaitishwa mkutano wa pamoja na baraza la CUF, lililo upande wa pili wa njia, hatua kama thelathini. Swali lililotugharimu siku mbili ni nani atavuka kwenda kwa nani. Mwishowe mabenchi yalitolewa kutoka pande zote mbili yakapangwa katikati ya njia, na muuza kahawa akawekwa baina yao, ili wa kwanza kuhudumiwa asionekane kuwa mgeni wa mwenziwe.

Mkutano ulianza kwa baridi. Mzee akazungumza kidogo, mtoto wa seremala akajibu kidogo. Kisha kijana mmoja wa CUF, msemaji mzuri, akainuka. Alisema sisi kwa sisi hatuna ugomvi, wala hatujawahi kuwa nao. Ugomvi umeletwa na wakuja, yaani watu wa kutoka bara. Wanaotwambia Zanzibar si nchi ndio wanaofaidika tukigombana. Mabenchi yote mawili yalipiga makofi, na vijana wa maskani ndio waliopiga kwa nguvu zaidi. Mkutano ukapata moto, ukawa wa kupeana mikono na kucheka. Mpaka magharibi neno "wakuja" lilikuwa limetajwa mara nyingi mno.

Pembeni, hatua kumi na tano kutoka hapo, alikuwapo mama anayeuza mandazi na maharage. Alizaliwa katika shehia ile. Baba yake alitoka bara enzi za ukoloni kuja kufanya kazi za karafuu, akajiunga na Afro-Shirazi. Kadi yake mama aliihifadhi ndani ya kopo la bati pamoja na vyeti vya watoto. Wateja wa mandazi yake walikuwa wa pande zote mbili. Jioni ile alifunika sinia lake kabla ya wakati, akaondoka.

Siku ya pili kijana mmoja wa maskani alimuuliza mwanawe, kwa mzaha, "Na nyinyi mtapigia kura wapi, huku au kwenu?"

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa katibu, kuacha karatasi, aliufanya kwa kushindwa, na hilo si aibu. Aliona kwamba hoja za maendeleo zilikuwa zinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Watu wa maskani walikuwa wanauliza: nikikubali, nitakuwa nani?

Wa pili ulikuwa wa ubao. Wenzake wa tawi walitaka maneno ya kwanza yafutwe kabla kiongozi wa wilaya hajapita. Alikataa. Aliniambia, "Ukimfutia Mapinduzi, umemfutia baba yake. Mwache aongeze mwenyewe."

Wa tatu ni ule wa mkutanoni, na hapa nami nimo. Kijana alipoanza habari ya wakuja, katibu alinitazama. Aliona, na mimi niliona, kwamba hotuba inamwacha mtu nje. Tulinyamaza. Sababu zetu zilikuwa hizi: zilibaki wiki mbili tu; ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mabenchi yale kupiga makofi kwa pamoja; na sheria haikuvunjwa, kwani hakuna aliyetajwa kwa jina. Mama wa mandazi hatukumfikiria hata mmoja wetu mpaka kesho yake.

Matokeo

Visiwani kote Ndiyo ilipata asilimia 66.4 ya kura halali, yaani kura 188,705 dhidi ya 95,613 za Hapana. Pemba ilisema Ndiyo kwa wingi mkubwa. Ubishi ulikuwa Unguja. Katika shehia yetu Ndiyo iliongoza, ingawa si kwa tofauti ya kutisha. Mzee alikwenda kituoni na mtoto wa seremala, wakiwa wamefuatana.

Mama alikuwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na jina lake lilikuwa katika daftari. Hakwenda. Nilimuuliza baadaye. "Niliambiwa ni mambo ya wenyewe," alisema, akaendelea kukanda unga.

Agosti katiba ikabadilishwa, ikaeleza kwamba Zanzibar ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Oktoba Dk. Ali Mohamed Shein alimshinda Maalim Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1, tofauti ambayo miaka mingine ingetosha kumwaga damu, na haikumwaga. Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mtu ambaye hakuishi Unguja miaka iliyotangulia hawezi kuupima ukubwa wa jambo hilo. Usiku wa matokeo watu walilala milango wazi.

Kisha yakaja mengine. Mei 2012 zilitokea ghasia mjini, na makanisa yakachomwa moto. Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akafuta uchaguzi. Machi 2016 ukarudiwa bila CUF, na serikali ya umoja ikafa. Mabenchi ya shehia yetu yalirudi kila moja upande wake. Maziko hayakurudi yalikokuwa: tangu 2010, katika mtaa ule, sijasikia maiti aliyesusiwa.

Uchambuzi

Lililofanya kazi kuliko yote ni kwamba mzee hakuombwa aache kuwa mtu wa Mapinduzi. Hapo ndipo miafaka miwili ya nyuma ilipoteleza, na ninalisema hili baada ya kukaa na watu wengi walioipitia. Ile iliandikwa na wakubwa na kuteremshwa kwa wadogo kama agizo: kuanzia leo pendaneni. Mwanachama wa chini aliyefundishwa miaka arubaini kwamba jirani yake ni Hizbu anayetaka kumrudisha Sultani, ukimwambia ghafla jirani huyo ni mwenziwe, umemwambia kwamba baba yake alikuwa mwongo. Atatia saini moyoni? Hawezi. Katibu alitafuta utambulisho ulio mkubwa kuliko chama lakini ambao mzee tayari alikuwa nao na alikuwa ameukosea. Kuzikana ni kitu cha zamani kuliko vyama vyote visiwani. Hakikuhitaji kufundishwa, kilihitaji kukumbushwa. Neno "lakini" pale ubaoni lilibeba kazi yote ya kampeni katika shehia ile, kwa sababu liliyaacha maneno ya juu yasimame.

Mpangilio wa mabenchi nao nauhesabu. Makada wengi wananiambia ni mambo madogo. Siku mbili tulizozitumia kukubaliana wapi pa kukaa zilifanya zaidi ya hotuba yoyote, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuonekana ameshindwa mbele ya watoto wake.

Lililoshindwa lilikuwa ndani ya ushindi wenyewe, na hapa nataka msomaji asimame nami kidogo. Utambulisho wa Mapinduzi ulikuwa na ubaya wake: ulimfungia nje seremala. Lakini ulimweka ndani mama wa mandazi. Baba yake alikuwa sehemu ya "sisi" ile tangu Afro-Shirazi, na Mapinduzi ambayo mzee alikuwa anayalinda yalifanywa pamoja na watu kama yeye. Utambulisho wa Uzanzibari, kama ulivyohubiriwa jioni ile, ulimfungulia seremala na kumfungia yeye. Mpaka ulisogezwa, haukuondolewa. Vyama vyote viwili vilikubali kuusogeza kwa sababu kila kimoja kilipata kitu: CUF ilisikia wimbo wake wa siku zote ukiimbwa na maskani, na vijana wa CCM walipata njia ya kukubaliana na mahasimu wao bila kuzungumzia 1964 hata kidogo. Hasira ya 2008 ilikuwa tayari, ikisubiri kutumiwa. Ni rahisi mno kuwapatanisha watu wawili kwa kumwonyesha wa tatu.

Sisemi madai ya Zanzibar kuhusu nafasi yake katika Muungano ni ya uongo au hayakustahili kusemwa. Mimi mwenyewe nina maoni yangu na siyafichi ninapoulizwa. Ninachosema ni kwamba kugombana na muundo wa dola ni jambo moja, na kumgeuza muuza mandazi kuwa alama ya dola hiyo ni jambo jingine. Jioni ile mambo hayo mawili yalichanganywa katika neno moja la "wakuja", na sisi tuliokuwa na wajibu wa kuyatenganisha tulinyamaza kwa sababu makofi yalikuwa matamu. Wala siwezi kudai kwamba mkutano wetu uliwasha moto wa 2012. Lakini maneno niliyoyasikia barabarani mwaka ule sikuyasikia kwa mara ya kwanza.

Kuhusu 2016, shehia haina lawama kubwa. Utambulisho unaweza kuwafanya watu wakubali kushindwa mara moja, ikiwa wanaamini hesabu ni ya haki. Hesabu ikifutwa, hakuna kahawa itakayowabakisha kwenye benchi moja.

Nilimrudia katibu miaka mingi baadaye, sasa hayumo tena katika uongozi wa chama, nikamuuliza kama angeweza kurudia jioni ile angefanya nini. Hakufikiri. Alisema asingemkatiza kijana, kwani kumkatiza kungeuvunja mkutano. Angeinuka, akavuka zile hatua kumi na tano, akamwambia mama, "Dada, lete sinia lako huku, njoo ukae," akampa nafasi yake mwenyewe kwenye benchi, karibu na mzee. Kisha angemwacha kijana aendelee kuzungumza habari za wakuja, kama angeweza.